Pambizoni mwa Msimbo: Historia Fupi ya Mafaili ya Wafungashaji

Ndani ya msimbo wa Vim, ile programu ya kuhariri maandishi inayosifika kwa kuwagomea wageni wasijue namna ya kutoka, kuna faili linaitwa Filelist. Halina hata mstari mmoja unaoifanya programu itende kitu. Ni orodha tu ya majina ya mafaili mengine, yamepangwa kwa mafungu: SRC_ALL ni ya wote, SRC_UNIX ya watu wa Unix, SRC_DOS ya DOS na Windows, SRC_VMS ya VMS, SRC_AMI ya Amiga. Huwa nalisoma faili hili kama ninavyosoma orodha ya yaliyomo kwenye diwani ya zamani, maana linaniambia kitabu kilipitia mikononi mwa nani, na nani alikatiwa kurasa zake.

Anza na hiyo Amiga. Vijana wengi wanaotumia Vim leo hawajawahi kuiona Amiga hata kwenye picha, lakini ndiko programu hii ilikozaliwa. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa hadharani mara ya kwanza mwaka 1991 kwenye diski namba 591 ya mkusanyiko wa Fred Fish, ule mfululizo wa diski za kusambaza programu za Amiga. Mwaka uliofuata ikahamishiwa Unix. Baadaye MS-DOS, Windows, Macintosh, VMS, OS/2, BeOS. Kila ilikohamia ikarudi nyumbani na mizigo. Mashine ya Amiga ilitaka mafaili yenye mwisho wa .info ili folda ziwe na picha zake ndogo kwenye skrini. Windows ikataka kisakinishi. VMS ikataka maelekezo yake yenyewe. Nani ayaweke mafaili haya, na wapi? Ndani ya folda moja na msimbo wenyewe, au kando? Na mtu wa Unix kwa nini ayabebe ya Amiga?

Swali linaonekana dogo, la mtu wa stoo. Nimelifuatilia kwa muda sasa na kwa maoni yangu ni swali lile lile ambalo sisi wasomaji wa fasihi ya Kiswahili tunalo tangu zamani: maandishi ya mwandishi yanaishia wapi, na ya yule aliyeyafikisha kwetu yanaanzia wapi?

Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki mwaka 1840, na sehemu kubwa ya tunayoyasoma leo yalikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akayatoa kwenye kumbukumbu za watu na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Kisha akaja Mwingereza W. E. Taylor, akaongeza maelezo: huyu anayetajwa ni nani, vita hivi ni vipi, neno hili lina maana gani. Kisha William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940 kule Johannesburg. Ukishika kitabu hicho mkononi umeshika kazi ya watu wanne, na si kila mahali mpaka uko wazi. Bila Sikujua na Taylor tusingekuwa na kitu. Pamoja nao, inabidi kila mara tujiulize: hili ni la Muyaka, au ni la mfungashaji?

Nimetumia neno mfungashaji makusudi. Kwenye ulimwengu wa programu huria kuna watu kabisa wenye kazi hiyo. Mwandishi anaandika programu na kuitoa kama mafaili ya msimbo yaliyobanwa pamoja. Lakini wewe mtumiaji huchukui msimbo ule moja kwa moja. Unaandika amri moja na programu inaingia kwenye kompyuta yako, ipo mahali pake, imeshajua folda za mipangilio ziko wapi. Kati ya mwandishi na wewe yupo mtu aliyeandika mafaili mengine ya kueleza hayo yote: jina la kifurushi, kinategemea vifurushi gani vingine, kinajengwa kwa hatua zipi, kikifutwa kisafishe nini. Na mara nyingi mtu huyo pia amebadilisha mistari kadhaa ya msimbo wenyewe, kwa kuongeza kinachoitwa kiraka, ili programu ikubaliane na mfumo wake. Mafaili hayo ndiyo ninayoyasema hapa.

Mwanzoni hakukuwa na mtu wa kati. Miaka ya themanini mwandishi mwenyewe ndiye aliyejaribu kuijua kila mashine duniani. Perl ya Larry Wall, iliyotoka mwaka 1987, ni mfano mzuri, na si bahati mbaya kwamba Wall alisomea isimu. Perl ina hati ndefu inaitwa Configure inayokuhoji kuhusu mashine yako, kwa mzaha na upole, na ina folda inaitwa hints ambamo kila mfumo una faili lake dogo: aix.sh, hpux.sh na ndugu zake. Kwenye kila faili kuna minong'ono: hapa usiamini jibu la mashine, hapa zima kitu fulani. Ni kamusi ya lahaja, kwa kweli. Msimbo mmoja, matamshi mengi, na mwandishi mmoja anayejaribu kuyaandika yote kwa mkono wake.

Njia hiyo ilikuwa na kikomo chake. Lahaja zikawa nyingi.

Tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, alitangaza mradi wa Debian. Jina lilitokana na Debra, mpenzi wake, na Ian mwenyewe. Wazo la Murdock lilikuwa kwamba kukusanya programu na kuzifanya zikae pamoja ni kazi yenye heshima, inayohitaji uangalifu wake, na kwamba wale waliokuwa wakiifanya wakati huo walikuwa wakiifanya kizembe. Kwenye Debian kila kifurushi kingekuwa na mtunzaji wake anayejulikana kwa jina. Mtunzaji huyu si mwandishi. Ni mtu anayesimama upande wa msomaji.

Wakajiwekea kanuni moja ambayo mimi naiona kuwa ni ya kiuhariri kabisa. Msimbo wa mwandishi unahifadhiwa kama ulivyotoka kwake, faili lenye mwisho wa .orig.tar.gz, usiguswe hata nukta. Yote ambayo Debian imeongeza yanakaa kwenye faili la pili, .diff.gz, lenye kuonyesha tofauti tu. La tatu, .dsc, linayaunganisha hayo mawili na kubeba saini ya mtunzaji. Ukitaka kujua Debian imemfanyia nini mwandishi, hufanyi utafiti. Unafungua lile faili la pili. Laiti Diwani ya Muyaka ingetufikia hivyo! Maandishi ya Sikujua kwenye bahasha moja, ya Taylor kwenye nyingine, na karatasi yenye saini juu.

Red Hat nao wakaja na RPM mwaka 1995, kazi ya Erik Troan na Marc Ewing, na msimamo ukawa ule ule, kwamba msimbo wa asili ubaki safi na viraka vikae pembeni. Ila RPM ilikusanya maelezo yote kwenye faili moja lenye mwisho wa .spec, na ikaweka kishawishi kidogo. Ukiandika amri ya kujenga kifurushi ukaielekeza kwenye tafu ya msimbo, RPM itatafuta faili la .spec ndani ya tafu hiyo na kulitumia. Basi waandishi wengi wakaanza kulitia faili hilo ndani ya programu zao ili kuwarahisishia watu. Ukarimu tu. FreeBSD wao walikuwa wamechukua njia ya tatu mwaka mmoja kabla: Agosti 1994 Jordan Hubbard alianzisha mti wa ports, folda moja kubwa ya mafungu mafungu, ambamo kila programu ya dunia ina kijumba chake chenye maelekezo na viraka, na msimbo wa asili hauhifadhiwi humo kabisa, unashushwa unapohitajika. Nyumba yote ni ya wafungashaji, na mwandishi anapita kama mgeni.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya tisini dawati lilikuwa na mila tatu, na hapo ndipo ugomvi wenye utamu unapoanzia, kwa sababu waandishi nao walitaka kusaidia.

Debian huweka kazi yake yote ndani ya folda inayoitwa debian, moja kwa moja chini ya mzizi wa msimbo. Mwandishi mwenye nia njema anafikiri: kwa nini nisiwawekee watu folda hiyo mwenyewe? Anaandika debian/control na debian/rules, anaitia kwenye toleo lake, anajisikia ametenda wema. Mtunzaji wa Debian anaipokea na kushika kichwa. Sasa kuna folda mbili zenye jina moja, ya mwandishi na ya kwake. Ile .diff.gz ya zamani iliweza kubadilisha mafaili na kuongeza mapya, lakini haikuweza kufuta. Kama mwandishi ameacha humo faili ambalo mtunzaji halitaki, litabaki. Na zana za Debian husoma mafaili kwa majina: likiwapo faili lenye jina fulani ndani ya debian, zana inalichukua na kulifanyia kazi bila kukuuliza. Faili la mtu mwingine, lililosahaulika tangu matoleo matatu yaliyopita, linaingia kwenye kifurushi kimya kimya.

Ndiyo maana Debian imekuwa ikiwaomba waandishi, kwa adabu lakini kwa msisitizo, wasiitie folda hiyo kwenye matoleo yao. Iwekeni kwenye tawi jingine la hifadhi ya msimbo, au mahali pengine kabisa, lakini si ndani ya tafu. Mimi niliposoma hoja hizo mara ya kwanza nilidhani ni kiburi cha kitaasisi. Nikaja kuona ni ombi lile lile ambalo mhariri humwomba mshairi: tafadhali usiandike dibaji ya mhariri kwa niaba yangu.

Hatimaye walichoka kuomba. Muundo mpya wa vifurushi vya msimbo, unaoitwa 3.0 (quilt), uliosambaa na Debian 6.0 ya Februari 2011, ulibadilisha mambo mawili. Kwanza, badala ya tofauti moja ndefu iliyovurugika, kila kiraka kikawa faili lake, kwenye folda debian/patches, na kwa desturi kina kichwa cha habari kinachoeleza kimetoka kwa nani na kwa nini. Pili, folda yoyote ya debian inayokuja ndani ya tafu ya mwandishi inatupwa yote na kuwekwa ile ya mtunzaji. Hakuna tena kubishana. Mwandishi aandike anachotaka. Pambizo ni ya mfungashaji.

Hilo jambo la kila kiraka kuwa na faili lake na sababu yake lina historia yenye maumivu, na hapa itabidi nikae kidogo.

Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL katika Debian alikuwa akishughulikia malalamiko ya zana ya kukagua kumbukumbu za kompyuta. Zana ilikuwa ikilalamika kwamba OpenSSL inasoma sehemu za kumbukumbu ambazo hazijajazwa. Mistari michache ilionekana kuwa chanzo. Aliuliza kwenye orodha ya barua ya watengenezaji, majibu hayakumzuia, akaizima. Mistari ile ilikuwa ndiyo inayoingiza unasibu kwenye kazi ya kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki ni namba ya mchakato tu, ambayo kwa mipangilio ya kawaida ya Linux wakati ule haikuzidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili, kuanzia Septemba 2006 mpaka tangazo la tarehe 13 Mei 2008, kompyuta za Debian na mifumo iliyotokana nayo, Ubuntu ikiwamo, zilitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuziorodhesha zote na kuzijaribu moja moja kwa muda mfupi.

Fikiria: msimbo wa mwandishi ulikuwa sawa. Kiraka cha mfungashaji ndicho kilichoharibu. Na kiraka hicho kilikuwa hadharani muda wote, kwenye .diff.gz, kimechanganyika na mabadiliko mengine, mtu yeyote angeweza kukisoma. Hakuna aliyekisoma kwa jicho la kujua. Wapo walioandika baadaye kwamba dawa ni wafungashaji kuacha kabisa kugusa msimbo, wapeleke kila kitu kwa mwandishi. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwandishi wa Amiga hajui mambo ya VMS; mtu wa pwani ndiye anayejua neno la pwani. Ila nakubali kwamba kiraka kisicho na jina, tarehe na sababu ni hatari kuliko kiraka kibaya chenye hivyo vyote, kwa sababu hicho cha pili mtu anaweza kukibishia.

Halafu kuna kisa cha pili, ambacho kimegeuza hadithi hii juu chini. Nadhani kikitokea kwenye riwaya tungesema mwandishi amezidisha chumvi.

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliandika barua kwa orodha ya watu wa usalama wa programu huria. Alikuwa kwenye Debian isiyo imara, akipima mambo yake mengine, akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao na kuendelea na chai. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ndani yake kulikuwa na mlango wa siri.

Aliyeuweka alikuwa amejijenga ndani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akijiita Jia Tan, mpaka akapewa haki ya kutoa matoleo. Mengi yameandikwa juu ya uvumilivu wake. Kwangu mimi lililonifanya nisimame ni mpangilio wa mafaili. Kwenye hifadhi ya msimbo iliyo wazi, ambayo kila mtu anaiangalia, kulikuwapo vitu viwili vinavyoonekana kuwa takataka: mafaili ya majaribio, moja likidaiwa kuwa limeharibika makusudi. Ufunguo wa kuyafungua haukuwamo humo. Ulikuwa kwenye faili moja, build-to-host.m4, lililoongezwa kwenye tafu ya toleo peke yake. Yaani nakala iliyochapwa haikulingana na muswada, na wafungashaji walikuwa wakichukua nakala iliyochapwa, kama walivyofanya tangu 1993.

Na subiri, bado. Hati ile ya siri haikutaka kuamka kila mahali. Mtu akijenga xz nyumbani kwake kwa udadisi, ilinyamaza. Ilichunguza kwanza: je, hii ni Linux ya aina fulani ya kichakataji? Je, kuna faili linaitwa debian/rules hapa? Au kuna alama kwamba RPM ndiyo inayojenga? Kama jibu ni ndiyo, ikaamka. Faili la mfungashaji, lile lile ambalo waandishi waliombwa wasilitie ili pambizo na matini yasichanganyike, ndilo lililogeuzwa kuwa ishara ya kumtambua. Kuwepo kwake kulimaanisha: sasa tumo mikononi mwa mtu atakayetufikisha kwa mamilioni.

Kuna tabaka la tatu tena. Programu ya ssh yenyewe haina habari na xz. Inaunganika nayo kwa sababu wafungashaji wa Debian, Fedora na wengine waliitia kiraka ili iweze kuupa mfumo wa systemd taarifa kwamba imeshaanza kazi. Kiraka hicho kiliita maktaba ya systemd, na maktaba hiyo ikaita ya xz. Kiraka chenye nia njema kabisa, kimeandikwa vizuri, kina sababu. Jia Tan alikuwa amesoma pambizo kwa makini kuliko sisi wote. Inaniuma kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: msomaji makini kuliko wote wa mafaili ya wafungashaji alikuwa mwizi.

Baada ya hapo lile swali la stoo halikuwa la stoo tena. Wafungashaji wengi wakaanza kuuliza kwa sauti kama waendelee kuamini tafu au wachote msimbo moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi ambako kila badiliko lina jina.

Lakini kuhifadhi wapi ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kutupa lini. Python walilijibu hili mapema kuliko wengi: mwaka 2002 Martin von Löwis aliandika waraka wa PEP 11, unaoweka utaratibu wa kuaga mifumo ambayo haina tena mtu. Huifuti ghafla. Toleo moja unatoa onyo, linalofuata unaondoa, na mtu akijitokeza katikati kusema "mimi bado naitumia, nitaitunza", basi inabaki. Wenye folda zao ndani ya nyumba ya Python, Mac na PC, zimebaki hadi leo, OS/2 ikaondoka. Unaweza kuuita waraka huu wa kiutawala, mkavu, na ni kweli. Mimi naupenda kwa sababu unatambua kwamba faili la jukwaa si mali ya jukwaa. Ni mali ya mtu aliye tayari kulibeba, na akiondoka huyo, linabaki gofu.

Vim wao wana namna yao. Mfumo ukiondolewa, msimbo wake unafutwa lakini ukurasa wake wa msaada unaachwa mahali pake, ukiwa na sentensi fupi tu. Fungua os_msdos.txt leo utakuta umeambiwa kwamba MS-DOS iliondolewa kwenye kiraka namba 7.4.1399. Fungua ule wa BeOS utakuta taarifa ya namna hiyo hiyo. Hakuna maelezo marefu. Ni mawe ya makaburini, na makaburi yenyewe yapo ndani ya kitabu cha mwongozo, kati ya sura zinazosomwa kila siku. Wapo wanaoona ni uchafu. Mimi naona ni adabu.

Kwenye mzizi wa folda hata hivyo walifagia. Zamani ukifungua msimbo wa Vim ulipokelewa na msururu: README_ami.txt, README_dos.txt, README_unix.txt, README_vms.txt, README_os2.txt, na zile picha za Amiga zenye .info. Kila moja ilikuwa na maana enzi ambazo toleo liligawanywa vipande, mtu wa Unix akishusha chake na mambo ya mifumo mingine yakiwekwa kwenye tafu ya ziada. Mwaka 2015 mradi ulipohamia GitHub, mzizi wa folda ukawa ndiyo sura ya kwanza ambayo mgeni anaiona, na baadaye zote hizo zikaingizwa kwenye folda moja inayoitwa READMEdir. Zimo humo bado. Kisakinishi cha Windows kimebaki kwenye folda ya nsis, ilhali ujenzi wa vifurushi vya Windows vya kila siku unafanyika kwenye hifadhi nyingine kabisa. Nusu ndani, nusu nje. Haikupangwa na mtu mmoja siku moja, na inaonekana.

Bram Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kabla ya hapo, mwaka 1994, alikuwa amekaa Uganda akijitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa nchi, na tangu hapo Vim ikawa inaomba jambo moja kwa kila anayeifungua bila faili: wasaidie watoto maskini wa Uganda. Maelezo yake yako kwenye faili linaitwa uganda.txt, na ndani ya faili hilo hilo ndimo ilimo leseni ya programu. Leseni hiyo ina sharti ambalo sijalikuta mara nyingi kwingine: ukiisambaza Vim uliyoibadilisha, hakikisha unaweza kupatikana, na mtunzaji wa Vim akiyaomba mabadiliko yako uwe tayari kumpa.

Watu wa Debian hawakulichukulia kimzaha. Ukiandika :version ndani ya Vim iliyofungashwa nao, chini ya namba ya toleo na orodha ya viraka kuna mstari unaotaja nani ameirekebisha, na mwingine unaotaja nani ameijenga. Nafasi ya kuijaza mistari hiyo iliwekwa na Vim yenyewe, ndani ya hati yake ya kujengea. Waandishi wa nakala wa Lamu na Pate walikuwa wakifika mwisho wa utenzi wakaandika kwa wino ule ule jina la aliyenakili na tarehe aliyomaliza, kisha wakafunga karatasi. Jaribu kuifungua Vim yako uandike amri hiyo, uone limeandikwa jina la nani.